Kabla ya Kumpigia Fundi: Taarifa za Mtandao na Usalama wa Mpakani

Hotuba ya kitengo cha uhusiano wa polisi na jamii kwa wajumbe wa jamii za mipakani waliokutana Kigali



Mmetoka Rusumo na Kagitumba, Gatuna na Cyanika, Rubavu na Rusizi, Nemba na Akanyaru. Wengine wenu mmeanza safari kabla ya jogoo kuwika. Tunawashukuru kwa subira hiyo, nasi tutajitahidi kutowarudisha nyumbani mikono mitupu.

Mada tuliyopewa leo inaweza kuonekana ndogo mbele ya mambo tuliyoyazoea katika mikutano hii. Tumezoea kuzungumza juu ya magendo, wizi wa mifugo, biashara haramu ya binadamu na dawa za kulevya. Leo tunazungumza juu ya simu isiyoshika mtandao na kompyuta isiyofunguka. Juu ya yale ambayo mtu anapaswa kuyatazama na kuyaandika kabla ya kumpigia fundi. Tunaomba mtuvumilie. Tutaanza na kisa kilichotufunza sisi wenyewe, na katika kisa hicho mkosaji ni sisi.

Kisa cha kituo chetu

Katika kituo chetu kimoja cha mpakani, ambacho hatutakitaja, mama mmoja alifika jioni akilia. Mtoto wake wa miaka tisa alikuwa amepotea sokoni. Mama huyo alikuwa na picha ya mtoto katika simu yake. Kazi yetu ilikuwa rahisi kuisema: kuisambaza picha ile kwa vituo vya jirani na kwa wenzetu wa upande wa pili, kabla giza halijaingia.

Kompyuta ikakataa. Askari wa zamu akapiga simu kwa mafundi akasema, «Mtandao haufanyi kazi.» Fundi akamwuliza tangu lini, hakujua. Akamwuliza kama ni kompyuta moja au zote, hakuwa ametazama. Akamwuliza kama taa za vifaa zinawaka. Askari akatupa jicho kwenye modemu iliyokuwa mezani, akaona taa, akajibu kwamba zinawaka. Fundi akasema atachunguza upande wake. Baada ya nusu saa simu ikapigwa tena, akapokea fundi mwingine, na maswali yakaanza upya kwa sababu hakuna aliyeandika namba ya taarifa ya kwanza. Ikapigwa mara ya tatu, na mara ya nne.

Saa tano zilipita hivyo. Mtoto alipatikana usiku, salama, amelala nyumbani kwa mama mmoja muuza maziwa, umbali wa mwendo wa robo saa kutoka kituoni. Alipoulizwa kwa nini hakutoa taarifa, yule mama alijibu kwa utulivu: «Nimewapigia mara sita. Simu yenu haikuita.»

Hakusema uongo. Simu ya mezani ya kituo ilipita katika mtandao uleule uliokuwa umekatika. Nyuma ya kabati kulikuwa na kifaa kidogo cha kugawia mtandao kwenda kwenye kompyuta na kwenye simu, na mmoja wetu alikuwa amechomoa waya wake wa umeme ili achaji simu yake. Modemu mezani iliwaka. Kifaa nyuma ya kabati kilikuwa kimezimika. Fundi asingeweza kukiona kutoka Kigali. Sisi tuliokuwa hatua tatu kutoka kwenye kabati ndio tulioweza kukiona, wala hatukutazama.

Jambo la pili lilituumiza zaidi. Muda wote ule, wakala wa pesa kwa simu aliyekuwa na kibanda mkabala na lango letu alikuwa na mtandao mzuri. Laiti tungemwuliza, tungejua papo hapo kwamba mnara ni mzima na kwamba hitilafu imo ndani ya nyumba yetu. Tungeituma picha kwa simu ya mkononi ndani ya dakika mbili. Tulikaa tukimlaumu fundi aliye mbali, huku jibu liko ng'ambo ya barabara.

Kwa nini jambo hili ni la usalama

Wapo watakaosema kwamba hilo ni kosa la ofisi moja, na kwamba mwananchi wa kawaida halimhusu. Tunaomba mkumbuke usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka. Maelfu ya watu kutoka Goma walivuka kuingia Rubavu usiku huohuo, na kila familia iliyotengana ilitafutana kwa simu. Mkumbuke pia usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua iliposababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na zaidi ya watu 130 wakapoteza maisha. Katika usiku kama huo, simu ndiyo mlango wa kuomba msaada. Mtu asiyejua simu yake imekamata mtandao gani, au asiyeweza kueleza kilichoharibika, ni kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua gizani.

Tena sisi wa mipakani tuna shida ambayo mtu wa katikati ya nchi haifahamu. Mawimbi ya redio hayasomi ramani. Mnara uliosimama kwenye kilima cha jirani hauulizi pasipoti. Ukiwa kwenye bonde karibu na mto Akagera, simu yako inaweza kuuacha mtandao wa Rwanda na kuukamata wa Tanzania, kwa sababu tu wa pili una nguvu zaidi mahali ulipo. Hali ni hiyohiyo kwa aliye Gatuna na mitandao ya Uganda, aliye Rubavu na ile ya Goma, aliye Rusizi na ile ya Bukavu, na aliye Akanyaru na ile ya Burundi. Kwa hiyo mara nyingi mtu hudhani simu yake imeharibika, kumbe imehamia ugenini bila mwenyewe kujua.

Ndiyo sababu tunaanza na mambo matatu ya mpakani kabla ya yale ya kila mahali.

Mambo matatu ya mpakani

La kwanza ni jina la mtandao. Kabla ya kumpigia yeyote, tazama juu ya kioo cha simu au katika sehemu ya mipangilio, usome jina la mtandao ulioshikwa. Usisome vijiti vya nguvu peke yake. Vijiti vinaweza kujaa na mtandao usiwe wako. Wakati mwingine simu huonyesha tarakimu badala ya jina. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi: 635 ni Rwanda, 640 ni Tanzania, 641 ni Uganda, 642 ni Burundi, na 630 ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukikuta umehamia ugenini, ingia kwenye mipangilio, uache kuchagua mtandao kwa njia ya kujiendea, uchague mtandao wako mwenyewe kwa mkono. Ukitoka mpakani, rudisha kama ilivyokuwa, kwa maana ukisahau, simu inaweza kubaki bila huduma mahali pengine.

Mpango wa mtandao mmoja wa simu, ulioanza 2014 kati ya Kenya, Rwanda na Uganda, ulipunguza sana gharama za kupiga simu baina ya nchi hizo. Hata hivyo, nafuu hiyo isimfanye mtu adhani kwamba kila huduma katika kila mtandao ina bei ya nyumbani. Salio likiyeyuka ghafla, andika jina la mtandao uliokuwa umeshikwa saa ile. Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

La pili ni saa. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hufuata saa moja, na Tanzania na Uganda hutangulia kwa saa nzima. Simu iliyokamata mnara wa Tanzania inaweza kujirekebisha yenyewe na kusogea mbele. Pale Rusumo, mtu aliyesimama upande wa Rwanda saa mbili asubuhi anaweza kusoma katika simu yake kwamba ni saa tatu. Ongeza juu ya hayo kwamba Kiswahili na Kinyarwanda huhesabu saa tangu jua linapochomoza, ilhali simu na mitambo ya kampuni huhesabu tangu usiku wa manane. Mwananchi anasema «saa mbili», fundi anaandika 2:00, halafu anatafuta kumbukumbu za usiku wa manane kwa tukio lililotokea asubuhi. Tumeyaona malalamiko ya kweli yakiitwa ya uongo kwa sababu ya tofauti hiyo pekee. Kwa hiyo andika hivi: saa mbili asubuhi, 8:00, saa ya Rwanda. Maneno machache hayo yanaweza kukuokolea siku mbili za kubishana.

La tatu ni simu ya dharura. Namba ya dharura ya Polisi ya Rwanda ni 112, na hailipiwi. Lakini namba 112 inatumika katika nchi nyingi, na simu ya dharura hupokelewa na mtandao ulioshikwa wakati huo. Kama simu yako imekamata mnara wa jirani, anayepokea anaweza kuwa askari wa nchi jirani. Usikate simu kwa mshangao. Mwambie kwanza mahali ulipo: nchi, wilaya, kijiji, na alama inayoonekana kama daraja, shule, kanisa au msikiti. Mahali kwanza, tukio baadaye. Simu ikikatika katikati, angalau atakuwa anajua pa kuwatafuta. Na jueni jambo hili la manufaa: mtandao wako ukizimika kabisa, simu nyingi bado huweza kupitisha wito wa 112 kwa mnara wa kampuni nyingine ulio karibu. Kwa hiyo usikate tamaa kabla ya kujaribu.

Maswali saba ya daftari

Baada ya hayo ya mpakani, tunakuja kwenye yale ambayo fundi yeyote, wa Kigali au wa Kampala, wa Mwanza au wa Goma, atayauliza. Tunawaomba kila kibanda, kila ofisi ya kijiji, kila kituo cha afya na kila shule iwe na daftari dogo kwa ajili yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtandao siku hizi ni mali.

Swali la kwanza: ni nini hasa kimegoma? «Mtandao haufanyi kazi» si jibu. Je, simu haipigi, au inapiga lakini haifungui intaneti? Je, intaneti inafunguka lakini huduma ya pesa inakataa? Je, ujumbe hautumwi kwa mtu mmoja au kwa wote? Mgonjwa anayemwambia daktari «naumwa» bila kuonyesha mahali humchelewesha daktari na hujichelewesha mwenyewe.

Swali la pili: ilianza lini, na je, ni ya muda wote au huja na kuondoka? Mtandao unaopotea kila jioni unaelekeza kwenye msongamano wa watumiaji. Unaopotea kila mvua inaponyesha unaelekeza kwenye waya uliochubuka au kwenye umeme wa mnara. Fundi hawezi kuiona mvua yenu akiwa mezani kwake, mwambieni.

Swali la tatu: nani mwingine ana tatizo hilo? Hili ndilo swali lililotushinda kituoni kwetu. Kama kifaa kimoja kimegoma na vingine ni vizima, hitilafu imo katika kifaa hicho. Kama vyote vya nyumba moja vimegoma na jirani ni mzima, hitilafu imo katika nyumba: ruta, waya, umeme au malipo. Kama wateja wote wa kampuni moja wamegoma na wa kampuni nyingine ni wazima, tatizo ni la kampuni hiyo au la mnara wake. Kama wote wa eneo lote wamegoma, huenda umeme umekatika au mkonga umekatwa. Kuuliza jirani ni kipimo kisichohitaji chombo, nacho hupunguza nusu ya kazi ya fundi.

Swali la nne: kifaa kimeandika maneno gani? Usiyafasiri, usiyafupishe, usiyatafsiri. Yanakili kama yalivyo, pamoja na tarakimu zake, au upige picha ya kioo. Neno moja la ujumbe wa hitilafu, hata kama ni la lugha usiyoifahamu, humwambia fundi mambo mengi kuliko maelezo ya robo saa.

Swali la tano: taa na nyaya zikoje? Nenda ukazitazame kwa macho yako. Usijibu kwa kukumbuka. Ipi inawaka, ipi imezimika, ipi inametameta, na ni ya rangi gani. Fuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na nyuma ya kabati. Sisi tulilipa gharama ya kutotazama nyuma ya kabati.

Swali la sita: kitu gani kilibadilika kabla ya hitilafu? Umeme ulikatika? Laini ilihamishiwa simu nyingine? Kifaa kipya kiliongezwa? Mtoto alichezea simu? Hapa tunaomba ukweli bila haya. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Askari wetu aliyechomoa waya aliona aibu kusema, na aibu hiyo ilituongezea saa mbili nzima katika zile tano.

Swali la saba: umejaribu nini, na matokeo yalikuwaje? Kuzima na kuwasha tena ni dawa nzuri, lakini iandike ulipoitumia. Kuihamishia laini kwenye simu nyingine ni kipimo kizuri zaidi: laini ikifanya kazi huko, simu ndiyo mbovu, ikigoma huko pia, tazama laini au mtandao. Usibonyeze kile kitufe kidogo cha kuirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuagizwa na fundi. Ukikibonyeza unaweza kufuta mipangilio yote, na tatizo dogo likawa kubwa.

Kwa wenzetu wa ofisi, shule na vituo vya afya tunaongeza jambo moja. Tazameni anwani ya IP ya kompyuta iliyogoma, yaani zile tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta, mziandike. Anwani ikianza na 169.254, maana yake kompyuta haikupewa anwani na ruta, ikajipatia yenyewe. Mkimwambia fundi hilo, ataanza kutafuta kati ya kompyuta na ruta, wala hatapoteza muda kuuchunguza mnara.

Mwisho wa mazungumzo, ulizeni namba ya taarifa yenu na jina la aliyewahudumia, mwandike pamoja na tarehe na saa. Mkipiga tena, anzeni na namba hiyo. Ikiwa kampuni imeshindwa kabisa kulishughulikia lalamiko lenu, mna haki ya kulipeleka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Umma, RURA; na huko pia daftari lenu ndilo litakalosema kwa niaba yenu.

Yale ya kutoa na yale ya kuficha

Ndugu zetu, hapa tunaomba masikio yenu yote. Tumewafundisha kukusanya taarifa na kuzitoa. Lakini wapo wanaosubiri hasa mtu aliye tayari kutoa taarifa. Mwizi wa siku hizi anapiga simu akijiita fundi au mhudumu wa kampuni. Anasema laini yako ina hitilafu, anakutaja kwa jina lako, tena kwa heshima, halafu anakuomba usome namba uliyotumiwa kwa ujumbe. Ukiisoma, umemkabidhi ufunguo wa nyumba.

Basi tushike mpaka huu. Fundi wa kweli anaweza kuuliza namba ya simu yako, aina ya kifaa, mahali ulipo, saa ya tukio, ujumbe wa hitilafu na namba ya muamala uliokwama. Fundi wa kweli hana haja ya namba yako ya siri ya pesa, nenosiri lako, wala namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako. Anayeziomba si fundi, hata akizungumza Kiswahili fasaha kuliko sisi. Tena zingatieni nani amempigia nani. Ukipiga wewe kwa namba rasmi ya kampuni, unajua unazungumza na nani. Ukipigiwa, hujui. Kata simu kwa adabu, kisha upige mwenyewe kwa namba rasmi.

Mawakala wa pesa, ninyi mmebeba taarifa za watu wengi. Daftari lenu la miamala lina majina, namba na viwango vya fedha vya majirani zenu. Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inayolinda data binafsi na faragha. Taarifa ya mtu si mali ya kuachwa wazi juu ya meza ya kibanda. Mnapompigia fundi mbele ya wateja, someni namba ya muamala, wala msisome jina na salio la mteja kwa sauti ya sokoni.

Wakati wa kuwaita polisi

Kuna hitilafu ambazo si za fundi peke yake. Ukiona mkonga umekatwa, au ua wa mnara umevunjwa, au betri za mnara zimebebwa usiku, hilo ni tukio la jinai, nalo linawanyima watu wa eneo zima sauti. Usiguse kitu, usisogeze nyaya; tazama, kumbuka, tupigie 112. Simu yako ikiibwa, utahitaji namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Piga *#06# leo, ungali na simu mkononi. Namba itatokea kwenye kioo. Iandike kwenye karatasi uiweke nyumbani. Hakuna faida ya kuihifadhi ndani ya simu ileile inayoweza kuibwa. Ukiibiwa, ifungishe laini kwanza kwa kampuni yako, kisha utoe taarifa.

Ukitapeliwa fedha kwa simu, kampuni ndiyo inayoweza kujaribu kuzizuia fedha haraka, na uchunguzi ni kazi ya Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, kwa namba 166 isiyolipiwa. Makosa ya mtandaoni yana sheria yake, Na. 60/2018 ya tarehe 22/08/2018. Usifute ujumbe wa tapeli kwa hasira. Ujumbe huo, namba yake, saa yake na namba ya muamala ndivyo ushahidi. Daftari lilelile linalomsaidia fundi ndilo linalomsaidia mpelelezi. Tofauti ni nani analisoma.

Tunalojifunga nalo

Tumewaomba mengi, nasi tunapaswa kusema tunachofanya wenyewe. Katika kituo kile, baada ya usiku ule, kila kifaa kilibandikwa karatasi yenye jina lake na taa zinazopaswa kuwaka. Soketi ya kifaa cha kugawia mtandao iliwekewa alama, na hakuna anayechaji simu hapo. Kituo kina orodha ya simu za mkononi za viongozi wa vijiji na za mawakala wa karibu, nao wana namba ya mkononi ya zamu, mbali na ile ya mezani. Mtandao wetu ukikatika, swali la kwanza la askari wa zamu si «fundi yuko wapi?» bali «jirani ana mtandao?». Anavuka barabara, anauliza.

Tunawaomba mkirudi makwenu mfanye jambo dogo kama hilo. Katika mkutano wa kijiji ujao, au baada ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa bado wamekaa pamoja, wasomeeni maswali saba. Wazee waandikiwe *#06# na vijana wao. Kila kijiji kijue ni wapi hasa simu huhama kwenda ng'ambo: kwenye bonde gani, kwenye mteremko gani, karibu na daraja lipi. Mkituletea orodha hiyo, tutajua mtu akitupigia kutoka hapo sauti yake inaweza kwenda wapi kwanza.

Yule mama muuza maziwa hakuwa na cheo wala kifaa cha pekee. Alimpa mtoto chakula na mahali pa kulala, akapiga simu mara sita, wala hakuchoka. Yeye alitimiza wajibu wake. Sisi ndio tuliokuwa hatupatikani. Siku nyingine mtoto atakapopotea, au mto utakapofurika, au mlima utakaponguruma, tungependa anayepiga apate jibu kwa mara ya kwanza. Hilo litahitaji minara na mafundi, ni kweli. Litahitaji pia daftari, macho ya kutazama nyuma ya kabati, na jirani anayemwuliza jirani.

Mrudi salama, na njiani, simu ikikataa, msome kwanza jina la mtandao.